Vikombe vya mawaridi vya Kamachumu

Najua nimekuwa kimya. Bumu lilichelewa, bando likakata, halafu zikaja karatasi za seminari tatu kwa mpigo, sasa hapo mtu ataandika saa ngapi? Ila kuna kitu kimenikaa kichwani tangu likizo ya Krismasi ya 2024 na mwenzangu wa rumu amechoka kunisikiliza. Kaniambia, "Nenda kawaandikie wadau wako, mimi niache nilale." Basi ndiyo nakuja kwenu. Leo ni historia, lakini si Vita vya Majimaji wala Mkutano wa Berlin. Ni historia ya maua ya waridi yaliyochorwa kwenye kikombe cha chai.

Kwenye kozi yetu moja kila mtu alitakiwa achague kitu kimoja cha nyumbani kwao, afuatilie kilikotoka. Wenzangu wakaja na vitu vizito: mmoja mkuki wa babu yake, mwingine kadi ya TANU, mwingine picha ya mzee wake akiwa JKT. Mimi nikasema kikombe. Darasa likacheka. Jamaa mmoja wa kule nyuma akauliza kama wiki ijayo nitaleta na kijiko. Nikawaacha wacheke, maana kikombe hicho kilikuwa kimeshakalisha kikao cha ukoo kutwa nzima, na mkuki wa mtu haujawahi kufanya hivyo.

Mwenye vikombe ni Bibi yangu mzaa baba. Aliolewa Kamachumu, wilaya ya Muleba, mwaka 1954. Kwa wasiopajua, Kamachumu ni juu, kuna ubaridi wake, migomba inafika mpaka mlangoni. Ndiko iliko hospitali ya Ndolage, na ndiko alikotokea Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika zama hizi. Bibi hakufika kwa mumewe mikono mitupu. Baba yake, mkulima wa Bukoba vijijini, alikuwa ameuza kahawa mwaka ule, akaenda mjini dukani kwa Mhindi akamnunulia binti yake vikombe sita na visahani vyake sita. Vyeupe, vyembamba, ukikiinua juani unaona kivuli cha vidole vyako kwa upande wa pili. Ubavuni kila kimoja kina mawaridi mawili, moja limefunguka, jingine bado chipukizi, na majani matatu.

Kwa nini mwaka ule? Hapa ndipo historia ya dunia inapoingia sebuleni kwetu. Mwaka 1953 baridi kali iliunguza mibuni kule Brazili, na mwaka 1954 bei ya kahawa duniani ikapaa. Bukoba wakati huo wakulima walikuwa na chama chao kikuu, BNCU, kilichoanzishwa 1950, ambacho baada ya kubadilishwa majina mara kadhaa ndicho KCU tunayoijua. Kwa hiyo mibuni ya Wabrazili ikafa, na baba yake Bibi akapata hela ya vikombe. Msiniambie hiyo si historia.

Kinachonichekesha ni kwamba kahawa kwetu ni ya siku nyingi sana, ila kikombe ni mgeni wa juzi. Wahaya walilima robusta karne na karne kabla Mzungu hajaonekana, lakini hawakuinywa, waliitafuna. Tunda linachumwa, linachemshwa na majani yenye harufu nzuri, linaanikwa mpaka linakauka, kisha linawekwa kwenye kikapu kidogo. Mgeni akifika, kabla hajaulizwa shida yake, anapewa atafune. Waliotaka kuwa ndugu wa damu walitumia tunda hilohilo: ndani mna punje mbili, kila mmoja anameza punje yenye damu ya mwenzake, na hapo wamekuwa wa tumbo moja. Kinywaji kilikuwa rubisi, na chombo chake kibuyu na mrija. Ndiyo maana naiita Bukoba nchi ya kahawa isiyokuwa na kikombe. Kikombe kilikuja na chai, sukari na misheni. Mapadri wa White Fathers walijenga Kashozi mwaka 1892, miaka miwili tu baada ya Emin Pasha kuja kuweka kituo cha Wajerumani pale ziwani.

Lakini mtu asije akasema mababu zetu hawakujua kupamba vyombo. Pale Katuruka, upande wa Maruku, nje kidogo ya mji wa Bukoba, Profesa Peter Schmidt na wenzake walianza kuchimba mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walikuta masalia ya kufulia chuma pamoja na vyungu vya aina ya Urewe, vya miaka kama 2,000 hivi iliyopita. Vyungu hivyo vina kibonyeo chini kitakoni, na shingoni vimechorwa mistari inayokatizana, mingine sambamba, mingine ya kuzunguka. Imechorwa kwa mkono udongo ukiwa bado mbichi. Aliyefanya kazi ile hakuwa na haraka hata kidogo. Kwa hiyo kupamba udongo kwa mkono Bukoba ni jambo la tangu enzi. Kilichokuwa kigeni ni ule weupe, na lile waridi.

Tuanze na weupe. Hivi mmewahi kujiuliza kwa nini neno letu kauri lina maana mbili? Ni yule kombe mdogo wa baharini, simbi, aliyekuwa pesa. Halafu pia ni hivi vyombo vyeupe vinavyong'aa. Nilidhani ni ajabu ya Kiswahili peke yake, kumbe Waitalia walifanya vilevile: walichukua jina lao la kombe huyohuyo, porcellana, wakakiita chombo cha Kichina kwa jina hilo kwa sababu ya ule mng'ao, na lugha nyingi za Ulaya zikafuata. Sasa kumbukeni kwamba Bukoba na Karagwe simbi zilikuwa pesa halali za sokoni, na majirani zetu Waganda hadi leo pesa wanaiita ensimbi. Sitaki kulivuta hili mbali, ila kila nikitazama kabati la Bibi nalikumbuka.

Pwani kauri ya Kichina ilifika zamani mno. Nenda Kunduchi, ni daladala tu kutoka hapa chuo, utaona makaburi yenye nguzo ambazo ndani yake walipachika mabakuli na sahani. Kwenye majumba ya Lamu walichonga zidaka ukutani za kupangia kauri. Karne ya 19 Zanzibar ikajaa vyombo vya Ulaya vilivyopigwa maua kwa brashi na kwa muhuri wa sponji, vingi kutoka Uskoti na kutoka Maastricht, Uholanzi, kwa akina Petrus Regout. Lakini safari ya bara ilikuwa kitu kingine. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, Karagwe, na Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861 aliwakuta wanafahamika vizuri. Mizigo ya njia ile ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Wewe mpagazi, umbali wote huo kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, kichwani umebeba vikombe? Kauri ilisubiri treni.

Sasa waridi. Hapa naomba mnivumilie maana ndipo penye utamu.

Ulaya walinunua kauri ya Kichina kwa miaka mingi bila kujua inatengenezwaje. Siri ilikuwa udongo mweupe, kaolini (ambao, kwa taarifa yenu, umejaa vilima vya Pugu hapo Kisarawe), unaochanganywa na jiwe fulani na kuchomwa kwenye moto wa nyuzi 1,300 na zaidi. Kijana mmoja Mjerumani, Johann Friedrich Böttger, alikuwa akijitapa kwamba anaweza kutengeneza dhahabu. Augustus, mtawala wa Saksonia, akamkamata akamfungia: tengeneza. Dhahabu wapi! Lakini humo kifungoni, akifanya kazi na msomi Tschirnhaus, mwaka 1708 akafanikiwa kupata kauri nyeupe, na mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa Meissen. Böttger alikufa 1719, ana miaka 37, dhahabu hajaiona.

Na dhahabu ikaja kwa mlango mwingine. Rangi ya waridi kwenye kauri, ile pinki yenyewe, hutoka kwenye dhahabu. Si nyekundu iliyotiwa maji. Nyekundu ya chuma ipo, ila inaegemea kwenye uchungwa au udongo. Ili kupata pinki wanayeyusha dhahabu halisi kwenye mchanganyiko wa asidi mbili kali, wanatia bati, na dhahabu inatuama kama unga wa zambarau. Maelezo yake yalichapishwa Ulaya mwaka 1685 kwa jina la Cassius. Kufikia miaka ya 1720 Wachina nao walikuwa wanaitumia pinki ya dhahabu, na vyombo vyao vya rangi hiyo vikapendwa hadi Wazungu wakavipa jina la Kifaransa lenye maana ya ukoo wa waridi. Nilipomweleza mwenzangu wa rumu kwamba maua ya vikombe vya Bibi yana dhahabu ndani akafumbua jicho moja. Akauliza kama ni ya Tulawaka. (Ule mgodi wa Biharamulo uliofunguliwa 2005, kwa wasioijua Kagera yetu.) Nikamwambia alale.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kikombe kimeshachomwa, kimeshapata mng'ao wake, ni cheupe kabisa. Mchoraji anasaga unga wa rangi pamoja na unga wa kioo laini, anakoroga na mafuta ya tapentaini ili usikauke upesi. Anachora. Kisha kikombe kinarudi tanurini, safari hii kwa moto mdogo, nyuzi 700 na kitu mpaka 800 na kitu, kiasi cha ule unga wa kioo kuyeyuka na kushikamana na mng'ao. Ugumu ni kwamba rangi ya dhahabu ikiwa mbichi haifanani na waridi hata kidogo, imefifia, kama damu ya zamani kwenye kitambaa. Mchoraji anachora ua ambalo halioni. Moto ukipungua, pinki inatoka ya kahawia. Moto ukizidi, inageuka zambarau. Na vikombe viko mia humo ndani.

Bingwa wa kazi hii kwa upande wa Uingereza alikuwa William Billingsley, aliyezaliwa 1758 na kuanza kujifunza kiwandani Derby mwaka 1774. Kabla yake, waliochora waridi walikuwa wakiweka rangi nyepesi, kisha wanaongeza kivuli juu yake kwa vistari. Yeye akageuza. Aliweka petali nzima kwa rangi nzito, halafu akachukua brashi safi, karibu kavu, akaifuta rangi pale anapotaka mwanga uangukie. Mwanga wote wa waridi lake ni weupe wa kikombe unaochungulia palipofutwa. Derby waliitunza sahani yake moja ya mawaridi ili wanafunzi waige. Lakini mtu huyu hakuridhika na kuchora tu, alitaka na kauri yenyewe iwe safi kuliko zote. Akahamahama kiwanda hadi kiwanda, na mwaka 1813 akafika kijiji cha Nantgarw, Wales, akatengeneza kauri nyeupe kama maziwa ambayo sehemu kubwa kabisa ilijikunja na kupasuka tanurini. Hela ikaisha. Mabinti zake wawili wakafa mwaka uleule, 1817. Yeye akafa 1828, maskini. Leo sahani za Nantgarw ziko makumbusho.

Baada ya hapo ikaja mashine. Badala ya mtu kuchora, ua linachapwa kwenye karatasi laini, linabandikwa kwenye kikombe, linachomwa. Karne ya 20 hiyo ndiyo ikawa njia kuu. Seti ya mawaridi iliyouzwa kuliko zote duniani, ile ya Royal Albert iliyotoka 1962 kwa mchoro wa Harold Holdcroft, imeshapita vipande milioni 100, na mawaridi yake ni ya kubandika. Katikati ya mkono na mashine kukawa na njia ya tatu ambayo watu wengi hawaijui. Mistari ya ua inachapwa, halafu watu wamekaa mezani, kila mmoja na brashi na rangi yake, wanajaza. Huyu petali, huyu majani, anayefuata ukingo. Ikumbukeni hiyo, tutairudia.

Vikombe vya Bibi chini vina muhuri mdogo wenye maandishi ya Kiingereza kwamba vimechorwa kwa mkono na vimetengenezwa Japani. Hilo neno Japani lina faida kwa mwanafunzi wa historia. Vyombo vyao vya kuuza nje vilikuwa vikiandikwa Nippon, mpaka mwaka 1921 forodha ya Marekani ilipowataka waandike Japan. Kwa hiyo ni vya baada ya hapo. Nagoya na miji ya jirani ndiko kulikokuwa na viwanda vingi, wakubwa wao wakiwa hawa tunaowaita leo Noritake, walioanza 1904. Lakini muhuri wa Bibi hauna jina la kiwanda chochote, ni vile vya bei ya kawaida.

Na vilifikaje huku, wakati Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza mwenye viwanda vyake? Nilisema Mkutano wa Berlin haumo, kumbe umejiingiza wenyewe. Mapatano ya Berlin ya 1885, yaliyorekebishwa 1919, yaliweka eneo kubwa la biashara huria la Bonde la Kongo, na Afrika Mashariki ilikuwa ndani. Mwingereza hakuruhusiwa kupendelea bidhaa zake kwa ushuru. Mjapani akaona mwanya, na katika miaka ya 1930 akajaza nguo na vyombo vya bei rahisi kwenye maduka ya Tanganyika. Vita Kuu ya Pili ikamsimamisha, baadaye akarudi. Meli mpaka Mombasa, treni mpaka Kisumu ambako reli ilifika 1901, meli tena kuvuka Ziwa Viktoria mpaka Bukoba, halafu mgongoni kwa lori. Kutoka bandarini hadi Kamachumu vikombe vya Bibi vilikuja kwenye kikapu, kati ya majani makavu ya migomba. Hakuna kilichopasuka.

Je, Bibi alivitumia? Mara chache sana. Padre akija, vilitoka. Barua ya posa ya binti ikija, vilitoka. Siku nyingine zote tulikunywa chai kwenye vikombe vya bati vyenye maua ya Kichina, na chai yenyewe ilikaa kwenye chupa ya chai yenye maua vilevile. (Hao Wachina nao wana hadithi yao. Wakati wa kujenga TAZARA, 1970 hadi 1975, sehemu ya gharama za hapa nchini ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina kwenye maduka yetu. Kwa hiyo waridi lilitufikia na kwa mlango wa Ujamaa.) Vile vya kauri vilikaa kabatini, nyuma ya kioo, visahani vimesimamishwa ili maua yaonekane. Ukivisogelea ukiwa mtoto, sauti ilitoka jikoni kabla hujagusa.

Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilipiga mabomu Bukoba. Hayakuharibu sana, ila vioo vya madirisha vilipasuka mjini na watu wakakimbia ovyo, na habari ikashuka Muleba haraka kuliko basi. Bibi alichimba shimo kwenye migomba, akavifunga vikombe kimoja kimoja kwenye vipande vya kanga, akavipanga ndani ya chungu, akafukia na kutandaza majani juu. Vilikaa humo hadi mwaka uliofuata. Alipovitoa vyote sita vilikuwa vizima. Mkoa wenyewe ulikuwa umebadilishwa jina, si Ziwa Magharibi tena, ni Kagera.

Kilichovivunja hakikutoka Uganda. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, likapita tetemeko la 5.9. Nilikuwa darasa la tano. Watu wasiopungua 17 walikufa mkoani kwetu, nyumba kwa maelfu zikaanguka au kupasuka, zaidi Bukoba na Missenyi. Kwetu Kamachumu ukuta mmoja ulipata ufa na kabati likalala kifudifudi. Vikabaki vikombe viwili na visahani vitatu. Bibi hakulia. Aliokota vipande vyote akavitia kwenye mfuko wa sukari, mfuko akauweka uvunguni. Mtu akisema vitupwe, anajibu, "Waitu, wewe kilikuuma nini?"

Bibi alifariki mwaka 2024. Desemba, watu wote walipokuwa nyumbani kwa Krismasi, ukoo ukakaa kugawa. Kibanja hakikuwa na mjadala: kilikwenda kwa Baba Mkubwa, mrithi mkuu. Shangazi yangu, aliyemuuguza Bibi miaka sita, akaambiwa achukue vitu vya jikoni. Masufuria, mikeka, vikapu, na hivyo vikombe. Hapo ndipo binamu yangu mmoja akatoa simu. Alikuwa ameona kwenye intaneti kwamba vikombe vya zamani vilivyochorwa kwa mkono vinauzwa kwa dola. Basi kikao kikabadilika sura. Vikombe ambavyo dakika tano nyuma vilikuwa takataka za jikoni vikawa mali ya ukoo. Mzee mmoja akasema urithi wenye thamani hautoki nje ya ukoo, na binti akiolewa ametoka. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka, hakusema kitu.

Wanasheria mtanisaidia, lakini nieleze ninavyoijua. Mila za urithi za Wahaya ziliandikwa kitabuni na Hans Cory na Hartnoll mwaka 1945. Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lililokusanya sheria za mila, likasema mwanamke anaweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu maisha yake, hawezi kuiuza. Kilichokuja kutikisa jambo hilo kilitoka humuhumu wilayani kwetu Muleba. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza kwa shilingi 300,000 shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mwanaume wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, akamshitaki Mahakama ya Mwanzo Kashasha ili ardhi irudi. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kumzuia mwanamke kuuza wakati mwanaume anaruhusiwa ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Kesi ile inasomwa hadi nje ya nchi. Sasa fikiria: kabla ya hapo, mwanamke wa Kamachumu aliyeolewa 1954 alikuwa na kitu gani ambacho ni chake kweli? Shamba si lake. Nyumba si yake. Mibuni si yake. Vikombe vilikuwa vyake, maana alikuja navyo. Ndiyo sababu ya lile shimo kwenye migomba, mimi ndivyo ninavyoamini.

Kikao kikaamua kwamba kwanza ijulikane kama kweli vimechorwa kwa mkono. Na kwa kuwa "msomi yupo", nikatupiwa kazi mimi. Nilikuwa na kioo cha kukuzia nilichoazima kwa rafiki anayesoma baiolojia. Jinsi ya kuangalia ni hivi, na wewe unaweza kujaribu kwenu: ua la kubandika ukilikuza mara nyingi utaona nukta nukta ndogo zilizopangana, kama picha ya gazeti. Ua la brashi halina nukta, lina njia za manyoya ya brashi, na ukipitisha ukucha utahisi rangi imeinuka kidogo. Na maua mawili ya mkono hayafanani kamwe.

Nikaviweka viwili ubavu kwa ubavu, ukoo mzima umenizunguka. Mistari ya nje ya petali ilikuwa sawasawa kabisa kwenye vikombe vyote viwili, kona kwa kona. Ya kuchapwa. Lakini ndani ya mistari rangi ilikuwa ya brashi. Kwenye kikombe cha kwanza pinki ilikuwa imevuka mstari na kumwagikia nje kidogo. Kwenye cha pili jani moja kati ya matatu halikujazwa, lilibaki jeupe na mistari yake tupu. Miaka 70 nzima limekaa hivyo na hakuna aliyeliona. Huko Japani mtu fulani mezani alijaza majani mawili, sijui kengele ikalia, sijui akaitwa, kikombe kikasogea mbele.

Nikawaeleza: muhuri hausemi uongo, ila hausemi yote. Nusu mkono, nusu mashine. Vilitengenezwa kwa wingi, havina jina la kiwanda, visahani havikamiliki. Binamu akauliza bei. Nikamwambia kwa aina hii akipata mteja atapata hela ya soda na nauli ya Bukoba mjini. Akarudisha simu mfukoni. Yule mzee akakohoa, akasema basi vyombo vya jikoni ni vya wanawake, Shangazi achukue, tuendelee na mengine. Wakahamia kwenye mambo ya mti wa mbao uliopo mpakani.

Nilimsaidia Shangazi kuvifunga. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ile habari ya dhahabu niliyomsimulia asubuhi ni ya kweli. Nikasema kama pinki yake ni ile ya zamani, imo, lakini kidogo mno, huwezi hata kuipima. Akauliza, "Na hukuwaambia?" Nikasema hawakuuliza. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akauvuta ule mfuko wa sukari uvunguni akautia naye kikapuni. Kikombe chenye jani lisilojazwa sasa kiko sebuleni kwake. Hanywei chai, ameweka ndani yake kahawa ya kutafuna, na ukifika anakukaribisha uchukue.